Walinzi wa Mama Chanjo

Tangu Mama Chanjo arudi kutoka hospitali kubwa, naogopa mikono yangu. Naiosha kwa sabuni, naitazama, naona ni ileile ya mzee aliyelima mahindi na maharage hapa Dirma maisha yake yote, na bado siiamini. Daktari alimweleza binti yake kwamba dawa wanazompa mama kwa saratani ya damu zinaua chembe mbaya, lakini hazijui kuchagua vizuri, zinaua na zile njema. Chembe nyeupe, ambazo ndizo walinzi wa mwili, zimebaki chache mno. Mafua ambayo mimi nayapangusa kwa leso nikaendelea na kazi, yeye yanaweza kumlaza asiamke. Kwa hiyo kila anayempenda ni hatari kwake, na hapa kwetu wanaompenda ni wengi.

Naandika habari zake sasa, akiwa hai, kwa sababu nimechoka kuogopa kimyakimya. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, wapo watakaoyasoma hayo siku nyingine, na namwomba Mungu siku hiyo ikawie. Mimi ni katekista wa kigango, yeye alikuwa muuguzi wa zahanati. Mimi nilihudumia roho, yeye mikono na mapaja ya watoto, na kwa miaka mingi tuligombea watu walewale asubuhi zilezile.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye hatua za haraka, na sauti ambayo hukuhitaji kuwa jirani ili uisikie. Jina lake halisi wengi tulilisahau. Watoto walipomwona njiani walikimbilia nyuma ya nguo za mama zao, naye hakukasirika. "Acha wakimbie," alisema. "Mtoto anayekimbia ana afya." Wazazi walitishia watoto wakorofi kwa jina lake: kaa kimya, nitamwita Mama Chanjo. Hilo nalo lilimchekesha, ila alipomkuta mama akilisema mbele yake alimkaripia. "Unamfanya mwanao aniogope mimi badala ya kuogopa surua. Surua umewahi kuiona wewe?"

Yeye aliiona, alipokuwa kijana, kabla hajahamishiwa kwetu. Hakupenda kuisimulia. Mara moja tu aliniambia habari yake, tukingoja mvua ipungue chini ya paa la zahanati. Alisema watu hudhani upele ukishakauka surua imekwisha, kumbe ndipo mwizi anapohesabu alivyoiba. Ugonjwa ule huingia hadi kwa walinzi wenyewe na kuwafutia kumbukumbu. Mtoto aliyekwisha kupambana na magonjwa mengine na kuyashinda huwa kama hajawahi kuyaona. Anapona surua, halafu miezi inayofuata anakufa kwa kuhara au kwa kichomi, na watu wanasema ni bahati mbaya.

"Katekista," alisema, "mimi siogopi ugonjwa unaoua. Naogopa ugonjwa unaosahaulisha."

Usiku wake sikupata usingizi mzuri. Niliwaza wajukuu wangu mmoja mmoja.

Hakufundisha kwa maneno ya kitabuni, ingawa aliyajua. Mama zetu ni wakulima na wafugaji, na yeye aliwaeleza mwili kwa mambo ya boma. Ngozi, alisema, ni uzio wa miiba. Machozi, mate na makamasi ni tope la mlangoni linalomnasa mgeni. Mwizi akipenya, wa kwanza kuamka ni mbwa. Mbwa hawaulizi jina, wanambwekea kila wasiyemjua na kumrarua wakiweza. Hiyo ndiyo homa, huo ndio uvimbe na usaha. "Mtoto akichemka," aliwaambia, "jueni mbwa wameamka. Msiwapige mbwa kabla ya kuuliza wanambwekea nani. Mleteni nimwone."

Lakini nyuma ya mbwa, alisema, kuna wachungaji. Hao wanachelewa kuamka, ila wakiamka wanamtazama mwizi usoni, wanatengeneza mkuki unaomfaa yeye peke yake, na baada ya vita baadhi yao hawafi. Wanakaa ndani miaka na miaka wakiukumbuka uso ule. Akirudi, hawamngoji afike zizini.

"Na chanjo?" aliuliza mama mmoja.

"Chanjo ni ngozi ya fisi bila fisi. Nawaonyesha wachungaji wako ngozi, waijue rangi na harufu, kabla fisi mwenyewe hajaja. Sasa wewe unataka wajifunze lini? Siku fisi yuko juu ya ndama?"

Wanawake walicheka. Mimi niliyekuwa nimekuja kutangaza habari za mavuno ya kanisa, nilisimama pale nikasahau kilichonileta. Nilikuwa nimesoma Zaburi inayosema tumeumbwa kwa namna ya ajabu na ya kutisha, nikadhani naielewa. Siku ile nilielewa neno lile la mwisho. Vita hivi vyote vinapiganwa ndani yangu nikiwa nimelala, na sina hata mlinzi mmoja ninayeweza kumpa amri. Nilirudi nyumbani nikashukuru kwa kila siku niliyoishi bila kujua.

Alikuwa mkali kwa chanjo kama mama mwenye nyumba kwa maziwa yake. Zamani alikuwa akishuka Yaeda Chini kwa pikipiki ya idara, kisanduku cha baridi kikiwa kimefungwa mgongoni kwake kama mtoto. Njia ya kule mnaijua, mawe na vumbi, na mvua ikinyesha ni matope matupu. Safari moja pikipiki ilikwama korongoni hadi barafu ikayeyuka. Alipofika, akina mama walikuwa wamekusanyika, wengine wametoka mbali kwenye malisho, na wengine ni wa jamii za wawindaji ambao kuwakuta mara ya pili si jambo rahisi. Akafungua kisanduku, akatazama alama kwenye vichupa, akaona imebadilika rangi. Akakifunga.

"Wachome hivyohivyo, mama," alisema mwanamke mmoja. "Tumetembea tangu alfajiri."

"Hii imekufa kwa joto. Nikimchoma mwanao hii, utarudi nyumbani ukidhani una uzio, kumbe una hewa. Afadhali ujue huna."

Mwanamke yule alimtukana. Mama Chanjo alitukanwa akiwa amesimama, kisha akaenda nyuma ya mti wa mgunga akalia. Dereva wake ndiye aliyenisimulia, yeye hakuwahi kunitajia kwamba alilia. Alipanda tena, akafika Katesh, akachukua vichupa vipya hospitalini, kisha akamwamsha mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyekuwa na friji kubwa la kugandishia barafu ya kuuza.

"Nesi," mzee yule alimwambia akijifunga kikoi, "barafu ya samaki itakufaa?"

"Baridi haina dini wala haina samaki, Alhaji. Nijazie."

Akashuka tena Yaeda.

Msidhani namchora malaika. Alikuwa na mambo yake. Aliwahubiria watu wachemshe maziwa, akawatisha kwa habari za homa inayotoka kwa ng'ombe na kuvunja viungo, lakini mtindi wa dada yake aliunywa bila kuuliza ulitokana na maziwa gani. Nilipomshika akinywa, alifuta midomo akasema, "Katekista, na wewe hujawahi kusinzia kwenye rozari?" Na yeye mwenyewe aliogopa sindano. Aliyewachoma watoto wa kata nzima, siku ya kuchomwa yeye alimshika muuguzi mwenzake kiuno na kufumba macho. Tena alikuwa na kiburi cha kujua. Mtu akimwambia ameota, au amesikia redioni, au jirani amesema, aligeuka akaendelea na kazi zake kana kwamba mbuzi amelia.

Kanisani alitukwaza. Msimu wa kikohozi ulipoingia, tulipofika mahali pa kupeana amani, yeye hakutoa mkono. Aliinamisha kichwa tu. Mama Theresia, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mwanamke wa kusema neno lake lote bila kubakiza, alimwuliza nje mbele ya watu, "Amani yako ina wasiwasi gani?"

"Amani yangu haina kikohozi. Yako inacho."

Walikaa mwezi mzima hawasalimiani. Kisha mjukuu wa Mama Theresia akashikwa na kichomi, na Mama Chanjo akakaa naye zahanati mpaka akapumua vizuri, na ugomvi ukaisha bila mtu kuomba msamaha. Ndivyo ilivyo kwetu. Mambo mengine huachwa yafe yenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo la mwiko, kwa sababu bila hilo hamtaelewa lililotokea juzi.

Sisi Wairaqw tangu zamani tuna desturi ya nyumba iliyopatwa na jambo zito, kama kifo cha aina fulani, kujitenga. Wazee huita metimani. Watu wa nyumba ile hawachanganyiki na wengine, hawachoti maji pamoja nao, hawapiti hovyo kwenye maboma ya watu, mpaka muda wao utimie. Kanisa lilitufundisha tuache, na mimi nimehubiri sana juu yake, kwamba mfiwa asiachwe peke yake. Lakini nyumba nyingine zimeshika.

Nyumba moja ya hapa ilifiwa, ikajitenga, na ndani yake kulikuwa na mtoto mchanga ambaye siku yake ya sindano ya surua ilikuwa imefika. Mama hakuja kliniki. Mama Chanjo akangoja, kisha akatoka na kisanduku chake, nami nikamfuata kwa sababu nilijua mzee wa nyumba ile. Tulimkuta amesimama kwenye lango la miiba.

"Shikamoo, baba," alisema Mama Chanjo.

"Marahaba. Msiingie."

"Siingii. Namtaka mtoto."

"Hatoki. Na wewe ukiingia utakaa nasi mpaka tumalize. Unajua."

Nilijiandaa kuhubiri. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Mama Chanjo akanikanyaga mguu.

"Baba," alisema, "mwiko unakataza mtoto atoke. Unakataza na mkono?"

Mzee akafikiri. "Mkono haujawahi kutajwa."

"Basi mama yake asimame ndani, mimi nisimame nje, mkono upite langoni."

Ikawa hivyo. Mkono mmoja mnene wa mtoto ukatoka kati ya miiba, ukachomwa, ukarudi ndani ukilia. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu, na kufiwa kote kule. Njiani nilimlaumu Mama Chanjo kwamba ameuheshimu mwiko. Akaniambia waliouanzisha hawakuwa wajinga. "Hawakujua wadudu, lakini walijua kuna kitu kinachotoka kwa mtu kwenda kwa mtu bila kuonekana. Walichokosea ni kumfungia ndani hata mtoto asiye na ulinzi. Mimi sigombani na uzio, Katekista. Naangalia ni nani yuko ndani na ni nini kiko nje."

Basi. Aliporudi safari hii kutoka hospitali, waliomwona walisema amekonda, kitambaa kichwani, gari likampitisha mpaka mlangoni. Jioni ileile binti yake akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Shikamoo babu. Daktari amekataza wageni. Amesema mama akipata joto, hata kidogo, tusingoje asubuhi, tukimbie hospitali. Mbwa wenyewe hawapo, babu. Kwake joto dogo ni fisi aliyekwisha kuingia. Nitawaambiaje watu?"

Nilimwambia nitasema mimi. Nilipokata simu nilikaa kitandani, na hofu ikanishika kama baridi ya mlimani. Kwetu mgonjwa haachwi. Mgonjwa huendewa kwa wingi, kwa maziwa na kuku na nyimbo, anawekewa mikono, anaombewa mpaka chumba kinakuwa na joto la watu. Nyumba isiyo na wageni wakati wa ugonjwa ni aibu, ni kama wenyewe wametengwa na Mungu. Na mimi ndiye niliyewafundisha kwenda.

Niliitangazia jumuiya baada ya rozari. Nilieleza vizuri, kwa mbwa na wachungaji, kama alivyotufundisha mwenyewe. Walinisikiliza. Kisha Mama Theresia akasimama.

"Katekista, umehubiri metimani mpaka tumeichukia. Leo unatuambia Mama Chanjo awekwe metimani?"

"Nasema tusimpelekee magonjwa."

"Sisi ni magonjwa?" Watu wakaguna. "Yeye alikaa na mjukuu wangu siku zote zile. Leo mimi nikae nyumbani nichambue maharage? Imani yako imezeeka, baba."

Nilisema tutaomba kila mtu nyumbani kwake, nikadhani yameisha.

Juzi, baada ya ibada, nilisikia wimbo barabarani. Nilitoka nikawaona, karibu jumuiya nzima, akina mama mbele na vibuyu vya maziwa na mabeseni, wazee nyuma, Mama Theresia akiongoza na mjukuu wake mdogo mgongoni, wanaelekea kwa Mama Chanjo. Magoti yangu si ya kukimbia, lakini nilikimbia. Nilipita kwenye mashamba, nikatokea mbele yao pale njia inapoingia nyumbani kwake, nikasimama katikati na fimbo yangu imelazwa.

Wimbo ulikatika.

"Tupishe, Katekista," alisema Mama Theresia.

"Sipishi."

"Unamkinga na Mungu?"

"Namkinga na sisi."

Upepo wa mlima Hanang ulikuwa unavuma, vumbi likituingia machoni. Nyuma yangu, mbali kidogo, nilisikia dirisha likifunguliwa. Nikageuka. Mama Chanjo alikuwa amesimama dirishani, amevaa barakoa, uso umekuwa mdogo kama wa msichana. Sikuwa nimemwona tangu alipoondoka.

"Nawaona!" alisema. Sauti ile iliyokuwa ikifika ng'ambo ya bonde sasa ilitufikia kwa shida. "Ahsanteni. Mmependeza."

"Tumekuja kukuombea, Mama," alisema Mama Theresia, naye sauti ilikuwa imeanza kulegea.

"Ombeni hapohapo. Mungu anasikia kuliko mimi." Akapumzika kidogo akishika fremu. "Nisikilizeni. Nimewaambia miaka yote msiogope. Mimi naogopa. Usiku nikisikia kikohozi cha mpita njia nakaa kitako. Walinzi wangu wamekwisha. Nilionao ni wale waliomo ndani yenu. Kila mtoto wenu niliyemchoma, ugonjwa ukifika kwake unakosa njia ya kunifikia. Sina uzio mwingine."

Wazee walivua kofia. Nilifikiri ameshinda, nikainua fimbo yangu, lakini Mama Theresia alikuwa analia, na mtu anayelia huwa hasikii vizuri. Alisema, "Niache nimshike mkono tu, baba, mkono tu," akanipita. Sikuweza kumzuia mwanamke kwa fimbo. Alipiga hatua zake kuelekea dirishani na kibuyu chake, na sisi wote tumeganda.

Mtoto mgongoni akakohoa.

Hakikuwa kikohozi cha vumbi. Kilitoka chini, kikavu, kikarudia, kikarudia tena. Mama Theresia alisimama kana kwamba amekanyaga nyoka. Akapeleka mkono nyuma, akagusa paji la uso la mtoto. Niliona bega lake likishuka. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume, hakugeuka, macho yake kwenye dirisha, kibuyu kikamponyoka na maziwa yakamwagika njiani, naye akaendelea kurudi mpaka akanipita mimi, akawapita wengine, akafika ng'ambo ya barabara.

Hapo Mama Chanjo akavuta barakoa chini ya kidevu ili asikike, akainama nje ya dirisha, nusu ya mwili wake nje, kwenye upepo.

"Ana joto?" aliita. "Mama Theresia! Tangu lini? Anapumua haraka? Fungua kanga nimwone kifua!"

"Rudi ndani!" Mama Theresia alipiga kelele kutoka ng'ambo.

"Mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi? Niambie!"

"Rudi ndani, Mama!" Nilisikia sauti yangu, na sauti ya wazee, na ya akina mama wenye mabeseni, jumuiya nzima tukipiga kelele kwa pamoja, hata binti yake ndani akilia jambo lilelile. "Rudi ndani! Funga! Tunampeleka zahanati sasa hivi! Funga!"

Alituangalia, mmoja baada ya mwingine. Kisha akapandisha barakoa, akavuta dirisha, tukasikia komeo likiingia.